SEHEMU YA 6: Sukari ya mama ilishuka, presha ikagoma kushuka

 

Sehemu ya 5 niliahidi kwamba leo tutaongelea presha kwa mtu mwenye kisukari. Nilishaandika maelezo yangu vizuri, kama tunavyofundishwa darasani. Nikayafuta. Nimeona bora niwaeleze ya nyumbani kwetu, hata kama yananitia aibu kidogo. Leo siandiki kama nesi peke yake. Naandika kama mtoto wa mtu.

Mama yangu anaishi Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Iringa, ukifika Sangasanga unaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Njegere na kabichi mnazonunua pale Soko Kuu nyingi zimetoka huko. Mama ni mkulima, ana miaka 61. Sukari aligundulika nayo 2017, presha ikafuata 2020. Kila mwezi anashuka mjini kuhudhuria kliniki, analala kwangu Kihonda usiku mmoja, asubuhi anachukua dawa, anarudi mlimani kwake.

Sasa mwaka juzi kikaanza kitu ambacho sikukielewa. Sukari yake ilikuwa nzuri. Asubuhi kabla hajala tunapata 6.8, mwezi mwingine 7.1, hata daktari anamsifu. Lakini presha haishuki. 168/96. Mwezi unaofuata 172/98. Daktari akapandisha dozi ya losatani. Bado. Akaongeza amlodipini. Bado.

Mimi nikawa mkali. Nikimpima jioni akifika, naanza kumhoji huku mashine inasoma: "Mama, dawa unakula kweli? Chumvi je? Mbona unaniangusha?" Yeye ananijibu taratibu, "Nakula, mwanangu." Namba zinatoka mbaya, nakasirika zaidi.

Niwaambie ukweli. Pale kazini tuna maneno tunayoyaandika kwenye faili la mgonjwa wa aina hiyo: "hafuati masharti ya dawa." Nimeyaandika mara nyingi sana. Ni maneno mepesi, yanamaliza kazi. Na moyoni nilishamwandikia mama yangu mwenyewe.

Mwezi wa saba nikapata likizo, nikapanda Mgeta na mwanangu mdogo. Mnaoijua Mgeta ya mwezi wa saba mnajua baridi yake. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Asubuhi mama akatupikia uji. Mtoto akapewa wa sukari, mimi wa sukari. Wake akautia limau na chumvi. Na siyo chumvi ya kuonja, ni vidole vitatu vimejaa.

Nikamuuliza, "Mama, mbona chumvi yote hiyo?"

Akanishangaa. "Si mlinikataza sukari? Nimeacha kabisa, hata chai nakunywa kavu. Sasa uji nao niunywe bila ladha?"

Jamani. Tangu 2017 tumemwambia mama huyu sukari, sukari, sukari. Naye ametii. Ametii mpaka amehamia kwenye chumvi, na hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha kwamba chumvi na presha ni ndugu. Tulisema tu "punguza chumvi" tukiwa tunaandika, yeye akaelewa chumvi ya mezani, na mezani kwake hamna chumvi.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja saa tatu.

Mama mdogo akaja kutusalimia. Tukaongea, tukacheka. Alipotaka kuondoka mama akaingia ndani, akatoka na kopo lake la dawa. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuhesabu vidonge vya presha kwenye kiganja. Kimoja chako, kimoja changu. Kimoja chako, kimoja changu. Mbele yangu, bila kificho, kama mtu anayegawa njegere.

Kumbe mama mdogo naye ana presha. Alipimwa siku moja kwenye zahanati wakamwambia aanze kliniki. Lakini nauli ya kushuka na kupanda kila mwezi, plus siku mbili za shamba, hana. Mama akaona njia ni moja: anachopata yeye wagawane. Vidonge 30, kila mtu 15. Wanakula siku moja, siku inayofuata wanapumzika. Ilikuwa imeshapita zaidi ya mwaka.

Ndiyo maana sukari ilikuwa nzuri. Mama mdogo hana sukari, kwa hiyo metifomini mama anakula zote. Za presha ndizo zilizokuwa zinaliwa nusu. Na sisi mjini tunaongeza dozi, tunaongeza dawa, tunashangaa.

Nikawa natafuta la kusema. Kabla sijalipata, mama akaendelea, "Na mtoto wa mama yako mdogo kichwa kilimsumbua juzi, nikampa viwili."

Huyo mtoto wa mama mdogo ni mdogo wangu. Ana miaka 24. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Hapo nilisimama.

Mama mwenzangu, hapa naomba utulie usome taratibu. Losatani, enalapili, kaptopili ni dawa nzuri sana kwa mtu mwenye presha na kisukari, hasa mkojo ukianza kuonyesha protini, kwa sababu zinazilinda figo. Lakini kwa mjamzito hazifai. Zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka. Mjamzito ana dawa zake za presha, kama methildopa au nifedipini, na anapewa na mtu aliyempima. Kama wewe una kisukari na presha, unatumia mojawapo ya zile tatu na unafikiria kuzaa, mwambie daktari kabla. Kama umeshika mimba bila kupanga, usikae nyumbani ukiacha dawa kimyakimya: wahi kliniki wiki hiyohiyo ubadilishiwe.

Tulimfuata mdogo wangu kwake. Nikamuuliza kichwa kinauma wapi, akagusa mbele, juu ya macho. Nikamuuliza kuhusu kuona. Akasema, "Dada, kuna wakati naona kama vimulimuli." Miguu imevimba, uso nao umejaa. Tukapanda bodaboda mbili mpaka kituo cha afya. 158/104. Mkojo una protini. Ile haikuwa ya kumeza vidonge vya mtu mwingine na kulala. Ilikuwa njia ya kwenda kwenye kifafa cha mimba.

Akapewa rufaa siku ileile, akalazwa mjini. Vile vidonge viwili daktari alisema visingekuwa tatizo kubwa mradi vimeishia hapo. Kilichomtisha ni kwamba vingeendelea, na kwamba kila mtu nyumbani alishaona kichwa "kimetibiwa". Alijifungua kwa upasuaji kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa kike, kilo 1.9. Leo anatambaa, anavuta vyombo vyote vya bibi yake chini. Mungu mkubwa.

Sasa turudi kwa mama, maana ndiye mada yetu.

Usiku ule alikaa karibu na moto akaniuliza, "Sasa mimi nilikosea nini? Mdogo wangu afe nikimwangalia?" Sikuwa na jibu la haraka. Ukweli ni kwamba hakukosea moyo. Alikosea kwa sababu sisi tulimpa vidonge bila kumpa maelezo. Basi nikamweleza upya, kwa lugha ya Mgeta.

Kule kwetu watu wanamwagilia kwa mipira. Maji yanategwa juu, yanashuka kwa nguvu yake mwenyewe mpaka shambani. Mpira mpya ni laini, maji yakija kwa kasi unatanuka kidogo na kurudi. Mpira uliokaa juani miaka mingi unakakamaa. Maji ni yaleyale, lakini sasa unapasuka. Nikamwambia: mama, mishipa yako ni mipira. Sukari iliyokaa kwenye damu miaka mingi ni jua. Presha ni nguvu ya maji. Mtu mwenye presha peke yake ana maji makali. Mtu mwenye sukari peke yake ana mpira uliokakamaa. Wewe una vyote viwili.

Na mishipa midogo ndiyo inayoumia mapema: ya macho, ya figo. Figo ni kama chujio la nazi. Tui likisukumwa kwa nguvu kila siku, vitundu vinapanuka na machicha yanapita. Ile protini kwenye mkojo ndiyo machicha yenyewe. Ukifika hapo hausikii maumivu yoyote. Mishipa mikubwa ikishindwa ndiyo kiharusi, ndiyo moyo.

Akaniuliza, "Na mbona sisikii chochote?" Hilo ni swali zuri kuliko yote. Presha haipigi hodi. Watu wengi wanangoja kichwa kiume, shingo ikaze, ndipo wameze dawa. Wengine wakipimwa wakaona 125/78 wanasema nimepona, wanaacha. Haujapona, dawa inafanya kazi. Ukiitoa, maji yanarudi na kasi yake. Na kidonge cha siku moja moja kinaacha mlango wazi siku nyingine zote.

Niwape na namba, kwa sababu najua wapo mnaopenda ushahidi. Mwaka 1998 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa watu 1,148 wenye kisukari na presha, waliofuatiliwa zaidi ya miaka minane. Kundi moja presha ilidhibitiwa zaidi, wastani ukawa 144/82. Kundi la pili wastani ulikuwa 154/87. Tofauti ni 10 juu na 5 chini, basi. Lakini kwenye kundi la kwanza kiharusi kilipungua kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32. Kwa hiyo ukishusha kutoka 168 mpaka 150 usikate tamaa kwamba haijafika. Umeshaokoa kitu. Endelea tu. Siku hizi kwa watu wengi wenye kisukari tunalenga chini ya 130/80. Mzee sana, au anayepata kizunguzungu akisimama, daktari atamwekea lengo lake.

Na msidhani haya ni magonjwa ya wazungu au ya watu wa Masaki. Kuanzia 1992 Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle walikuwa wanafuatilia vifo Dar es Salaam, Hai na hapahapa Morogoro Vijijini, wakiwauliza wafiwa ndugu yao alianzaje kuugua. Vifo vya kiharusi vilionekana kuwa juu kuliko vya Uingereza kwa watu wa umri uleule, na watafiti waliitazama presha isiyotibiwa kama sababu kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ukakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na karibu 9 kati ya 100 wana sukari ya juu. Kwenye familia ya watu kumi na wawili wazima, hesabu mwenyewe.

Haya, tulifanya nini?

La kwanza, mama mdogo alipimwa vizuri na kufunguliwa kadi yake. Presha 176/102, sukari hana. Dawa zake ni zake. Mama anashuka na kadi zote mbili mwezi mmoja, mwezi unaofuata anashuka mama mdogo. Tulimweleza daktari hali halisi ya nauli, akakubali, mradi kila mmoja aonekane mwenyewe kila baada ya miezi miwili na apimwe hapo kijijini katikati. Jamani, semeni shida zenu kwa daktari. Tusiposema tunaandikiwa "hafuati masharti".

La pili, chumvi. Kipimo cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ya mboga, ya uji, ya samaki mkavu na vile vidonge vya kiungo cha supu. Mama sasa anaweka limau na tangawizi kwenye uji. Mwezi wa kwanza alinuna. Mwezi wa pili ulimi ukazoea. Samaki wa chumvi anawaroweka, anamwaga maji yale, ndipo anapika.

La tatu, dawa za maumivu. Mgongo ukimuuma alikuwa ananunua diklofenaki dukani. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha na zinaumiza figo, na kwa mtu mwenye kisukari figo zake tayari zina kazi. Siku hizi anauliza kwanza.

La nne, namna ya kupima. Hapa nilijihukumu mwenyewe. Mama alikuwa anafika kwangu baada ya safari ya mlima, hajakojoa, namvalisha mashine juu ya sweta na kuanza kumgombeza! Hata mimi ningepata 170. Inavyotakiwa: kojoa kwanza. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mtupu umelazwa mezani usawa wa moyo. Usiongee, na anayekupima asikuongeleshe. Pima mara mbili, pumzika dakika moja katikati. Andika kwenye daftari. Mkanda wa mashine nao ukutoshe. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo unatoa namba za uongo.

La tano, mara moja kwa mwaka angalau: mkojo upimwe protini, damu ipimwe kazi ya figo, macho yaangaliwe ndani, miguu ikaguliwe. Kuona vizuri siyo dalili kwamba macho ni mazima.

Na mnisikilize hili la haraka. Mtu mwenye kisukari akitetemeka ghafla, akitoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, usimkimbizie kidonge cha presha. Huenda sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha chakula. Lakini mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakigoma kutoka, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Usimpe kitu mdomoni. Hospitali, saa hiyohiyo.

Kwa ninyi vijana mnaosema haya ni ya wazee: kama ulipata kisukari cha mimba, hata kama kiliisha ulipojifungua, rudi upimwe sukari kati ya wiki ya 6 na ya 12, halafu usipitishe miaka mitatu bila kurudia. Kama ulipata presha ya mimba au kifafa cha mimba, pima presha kila mwaka maisha yako yote. Mwili ulishakuonyesha mlango ambao ugonjwa unaweza kupitia. Mdogo wangu sasa ana daftari lake, analo kwenye pochi pamoja na kadi ya mtoto.

Mama? Mwezi uliopita alikuwa 132/80. Kabla ya hapo 138/84. Hakuna aliyeongeza dawa. Daktari hata amepunguza dozi moja. Siwezi kusema kila siku ni nzuri. Kuna msiba alienda, akala pilau la watu siku tatu, akarudi na 150, na akaniambia mwenyewe kabla sijauliza. Hilo la kuniambia limenifurahisha kuliko namba yoyote.

Na mimi nimebadilika kazini. Mgonjwa akija presha haishuki, kabla sijashika kalamu naweka kiti karibu na kumuuliza: "Mama, dawa hizi unakula na nani?" Mara ya kwanza nilidhani watanicheka. Hamwezi kuamini majibu ninayopata. Na mume. Na jirani. Na wifi aliyetoka kijijini. Mmoja aliniambia, "Sista, ninazihifadhi. Nikifa zisiwe zimeisha mapema." Akacheka, halafu akalia.

Leo usiku mpigie mama yako, au mama mkwe. Msalimie kwanza, usianze na ukali kama mimi. Muulize ya shamba, ya kuku, ya majirani. Halafu muulize dawa zake anakula na nani.

Sehemu ya 7 tutaongelea kisukari cha mimba, maana maswali yamekuwa mengi. Usiku mwema, mbusuni watoto.